Kazi irithiwe kabla ya mali: somo kutoka kwa jamaa moja ya wakaanga kahawa



Katika vilima vya Kivu wengi wetu tumelelewa na kahawa. Karo ya shule, mabati ya nyumba, mahari ya kaka mkubwa, hata matoleo ya mavuno kanisani, vyote vimetoka kwenye miti ile iliyopandwa nyuma ya nyumba. Lakini wengi waliolelewa na kahawa hawajaionja hata siku moja ikiwa imekaangwa vizuri. Tunaiuza na ganda lake, halafu asubuhi tunanunua kopo dogo la kahawa ya unga iliyotoka ng'ambo.

Liko jambo la pili, lenye uchungu zaidi. Baba mwenye shamba akifa, mara nyingi kahawa inakufa pamoja naye. Ndugu wanagawana miti, mjane anaambiwa arudi kwao, watoto hawajui hata mteja wa baba yao alikuwa nani. Baada ya misimu michache shamba ni kichaka. Mchungaji anaitwa kupatanisha, lakini anaitwa wakati watu wameshika mapanga au wamekwisha kufika mbele ya hakimu.

Ndiyo maana leo tunataka kueleza namna jamaa moja ya wakaanga kahawa ilivyopitisha kazi yake toka baba kwa mama, toka mama kwa mtoto, toka mtoto kwa wajukuu, kwa karibu miaka 150. Jamaa hiyo ni ya Ufini, nchi ya baridi kali ambayo sisi tunazoea kuiita Finlande. Kule hakuna hata mti mmoja wa kahawa unaoota nje. Tumeichagua kwa sababu katikati ya historia yake yuko mjane, na yale aliyoyafanya yanagusa maswali yetu moja kwa moja.

Kijana aliyetoka Lübeck

Gustav Paulig alizaliwa mwaka 1850 katika mji wa Lübeck, bandari ya Ujerumani. Akiwa kijana alivuka bahari kwenda Ufini, ambayo wakati ule ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi. Mwaka 1876 alifungua biashara yake mjini Helsinki. Alileta chumvi, viungo, kahawa na bidhaa nyingine zilizotoka mbali kwa meli, akawauzia wenye maduka.

Kahawa aliyoiuza mwanzoni ilikuwa mbichi, ile ya rangi ya kijani. Kila mama wa nyumba aliikaanga mwenyewe jikoni, kwenye chombo cha chuma juu ya moto, akaisaga kwa mkono. Siku moja ilitoka nzuri, siku nyingine iliungua. Mwaka 1904 Paulig alifungua kiwanda cha kukaangia kahawa huko Helsinki, cha kwanza cha aina yake katika nchi ile. Tangu hapo mtu aliweza kununua kahawa iliyokwisha kukaangwa, yenye ladha ile ile wiki hii na wiki ijayo.

Waprotestanti tutapenda kujua jambo moja hapa. Watu wa Ufini wengi ni wa kanisa la Kilutheri, na kule iko desturi ya kahawa ya kanisa: ibada ikiisha, watu hawatawanyiki mara moja, wanakaa pamoja wanakunywa kahawa na kuulizana habari za nyumbani. Hata leo Wafini ni kati ya watu wanaokunywa kahawa nyingi zaidi duniani, wakihesabiwa mtu kwa mtu. Mkaanga kahawa katika nchi kama hiyo anagusa meza ya kila nyumba. Akikosea, nchi nzima inajua.

Kukaanga ni kujua nini?

Kabla ya kuendelea na jamaa hii, tueleze kazi yenyewe, maana bila kuielewa hatutaona ni kitu gani kinachorithiwa.

Mbegu mbichi ya kahawa haina harufu tunayoipenda. Ina maji ndani yake, na ni ngumu kama kokoto. Ikitiwa katika moto, kwanza inakauka na kugeuka manjano, ikitoa harufu kama ya nyasi kavu, kisha kama ya mkate. Halafu inaanza kuwa rangi ya udongo. Joto la mbegu likikaribia nyuzi 200, inapasuka kwa mlio, kama mahindi yanavyolia ndani ya sufuria yenye kifuniko. Huo ndio mlio wa kwanza, na hapo ndipo kahawa inaanza kunyweka. Ukiendelea kuiacha motoni, inazidi kuwa nyeusi, uchachu wake unapungua na uchungu unaongezeka. Ukisahau kidogo tu, imekuwa makaa. Kazi yote inaweza kuchukua kati ya dakika 8 na 15, na dakika ya mwisho ndiyo inayoamua.

Ikitolewa motoni inapaswa kupozwa haraka, kwa sababu mbegu yenye joto inaendelea kujikaanga yenyewe hata nje ya moto. Kisha inaachwa ipumzike siku moja au zaidi, ili hewa iliyofungwa ndani itoke. Kahawa mbichi iliyokauka vizuri inakaa miezi mingi ghalani, lakini kahawa iliyokaangwa inapoteza harufu yake kwa majuma, na ikisagwa inapoteza upesi zaidi. Ndiyo sababu moja ya wanunuzi wa mbali kutaka kahawa yetu ikiwa mbichi: wanaikaanga karibu na mnywaji. Faida ya moto inabaki kwao.

Iko tena hesabu. Kahawa inapokaangwa inapungua uzito, kwa kawaida kati ya sehemu 12 na 20 kwa mia, kwa sababu maji yametoka. Ukitia kilo 10 mbichi, usitegemee kupata kilo 10. Utapata kama kilo 8 na nusu. Anayeweka bei bila kuhesabu upungufu huo, pamoja na makaa, mifuko na usafiri, anafanya kazi kwa furaha mwaka mzima, halafu mwisho wa mwaka anajiuliza makuta yamekwenda wapi.

Basi mkaanga kahawa anajua kusikiliza, kunusa, kutazama rangi, kuhesabu, na kumjua mteja wake. Hayo yote hayakai katika mashine wala katika hati ya kiwanja. Yanakaa ndani ya mtu. Mtu huyo akifa bila kumfundisha mwingine, yanakwenda kaburini.

Mama Bertha

Gustav Paulig alikufa mwaka 1907. Kiwanda cha kukaangia kilikuwa na miaka mitatu tu. Wakati ule, kwa sheria ya Ufini, mwanamke aliyeolewa alikuwa bado chini ya mamlaka ya mumewe. Jambo hilo liliondolewa na sheria mpya ya ndoa iliyoanza kutumika mwaka 1930. Mjane, lakini, alikuwa na haki ya kusimamia mambo yake.

Mke wake, Bertha Paulig, hakuuza. Alishika uongozi wa kampuni yeye mwenyewe, akaushika zaidi ya miaka kumi. Tuangalie ni miaka gani hiyo. Ndani yake mlikuwa na vita kuu ya kwanza ya dunia. Mlikuwa na mwaka 1917, Ufini ilipojitenga na Urusi na kuwa nchi huru. Mlikuwa na mwaka 1918, ndugu wa nchi moja walipouana katika vita ya wenyewe kwa wenyewe. Kahawa ilitoka ng'ambo ya bahari, na vita inafunga bahari. Mwaka 1919 mtoto wao Eduard alishika uongozi, na biashara ilikuwa ingali hai.

Mtu anayeweza kuongoza biashara kesho yake baada ya maziko, lazima alikuwa anaijua kabla ya maziko. Mke ambaye hajawahi kuona daftari, ambaye hajui deni liko wapi na mteja ni nani, hawezi kushika usukani kwa huzuni peke yake. Hilo ndilo funzo la kwanza tunalolichukua kwa Mama Bertha.

Vita ya pili ya dunia ilikuja tena na taabu yake. Kahawa ilikosekana kabisa katika Ufini, watu wakakaanga shayiri na mizizi ya mimea ili wapate kinywaji cheusi cha moto. Hata baada ya vita, kahawa iliendelea kugawiwa kwa vipimo vya serikali mpaka mwaka 1954. Jamaa ilivuka hayo yote, na kizazi cha wajukuu kikaingia kazini. Leo kampuni ingali mali ya jamaa ya Paulig, ingawa mkuu wa kazi za kila siku anaweza kutoka nje ya jamaa.

Hapo kuna funzo la pili. Kuwa mwenye mali na kuwa kiongozi wa kazi ni mambo mawili. Mtoto anaweza kuwa mrithi halali bila kuwa na kipaji cha kuongoza. Jamaa yenye hekima inamwachia sehemu yake ya faida, na inampa kazi yule anayeiweza, hata kama ni dada mdogo, hata kama ni mtu wa nje aliye mwaminifu. Kwetu mara nyingi tunafanya kinyume: tunampa mzaliwa wa kwanza kila kitu kwa sababu alizaliwa wa kwanza, halafu tunashangaa.

Kurithi mali bila kurithi kazi

Sisi Wakongomani tunalo somo letu wenyewe juu ya jambo hili, na tumelilipia ghali. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza ile iliyoitwa zairianisation. Mashamba makubwa na biashara za wageni zilichukuliwa na kupewa wananchi. Hatusemi kwamba wageni wale walikuwa na haki yote. Mashamba mengi yalikuwa yameanzishwa juu ya ardhi ya babu zetu wakati wa ukoloni. Lakini wengi waliopewa mashamba hayo walikuwa watu wenye vyeo, hawakuwa wamewahi kushika jembe wala daftari la shamba. Waliuza magari, waliuza mifugo, walikula akiba, na miti ikaachwa. Walipata mali kwa siku moja, lakini kazi haiji kwa siku moja.

Kisha zikaja shida nyingine: magonjwa ya miti, barabara zilizoharibika, kodi juu ya kodi, na vita. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Kongo iliuza nje zaidi ya tani 100,000 za kahawa kwa mwaka. Miaka ya 2010 tulikuwa tumeshuka hata karibu sehemu ya kumi ya hiyo. Huku kwetu kwenye ziwa Kivu, watu wa Idjwi na wa pwani walivuka usiku kwa mitumbwi kupeleka kahawa yao Rwanda, na wengi walizama. Akina mama wengi wa kisiwa kile ni wajane wa kahawa.

Tangu mwanzo wa miaka ya 2000 vyama vya wakulima vimeinuka tena huko Minova, Kalehe, Idjwi na upande wa Beni na Butembo. Vimejenga vituo vya kuoshea, na kahawa ya Kivu imepata jina jema kwa wanunuzi wa mbali. Tunamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini chama hakiwezi kutufanyia kazi ya nyumbani. Chama kinapokea kahawa ya baba; hakiwezi kumfundisha mtoto wake badala yake, wala kumlinda mjane wake dhidi ya wakwe.

Sheria yetu inasema nini

Wakristo wengi wanadhani sheria ya Kongo iko upande wa wakwe. Haiko hivyo. Sheria ya jamaa ya mwaka 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mumewe kwa mambo mengi ya kisheria, lakini mwaka 2016 sheria hiyo ilirekebishwa na ruhusa hiyo ikaondolewa. Mambo machache ni muhimu kila paruasi iyajue.

Kama bibi na bwana hawakuchagua utaratibu mwingine siku ya ndoa, mali waliyoipata kwa kazi yao tangu waoane ni ya wote wawili. Mume akifa, kwanza sehemu ya mke inatengwa. Kinachobaki ndicho urithi wa marehemu. Katika urithi huo, robo tatu ni ya watoto, kwa mafungu sawa, wasichana kama wavulana. Robo inayobaki inaangalia mwenzi aliyebaki, wazazi wa marehemu, na kaka na dada zake. Mjane ana haki pia ya kuendelea kutumia nyumba waliyokaa na mumewe. Haki ya wasichana haikuanzia Kinshasa: tukisoma Hesabu 27 tunaona binti watano wa Selofehadi wakisimama mbele ya Musa kudai fungu la baba yao, na Bwana akasema wana haki.

Mtu anaweza pia kuandika wosia. Wosia wa mkono unakubaliwa kama mwenyewe ameuandika wote kwa mkono wake, ametia tarehe na sahihi. Lakini haya yote yanakuwa magumu kama ndoa haikuandikwa kwa serikali. Wengi wetu tumebariki ndoa kanisani, tumekula na kucheza, na hatukufika kamwe kwa etasivili. Siku ya kilio mjane anaulizwa karatasi, naye hana. Kwa shauri la kila jamaa, ni vema kumwona avokato. Lakini karatasi ya ndoa haihitaji kungoja kilio.

Tunaweza kuanza wapi?

Hatusemi kila nyumba ijenge kiwanda. Tunasema kazi ya kahawa ianze kufundishwa nyumbani, na moto ni mwalimu mzuri. Chukua nusu kilo ya kahawa yako iliyokobolewa, sufuria pana yenye chini nene, na makaa yasiyo makali. Mkalishe mtoto wa kike na wa kiume kando yako. Koroga bila kupumzika. Waambie wanuse, wasikilize mlio wa kwanza, waseme wenyewe wakati wa kutoa. Pozeni juu ya ungo, pepeteni ile ngozi nyembamba, kesho yake sageni na mnywe. Mara ya kwanza nyingine itaungua na nyingine itabaki mbichi. Mara ya kumi mtashangaa. Mkulima aliyeonja kahawa yake anaelewa kwa nini anaambiwa asivune mbegu mbichi pamoja na mbivu. Ulimi wake umekwisha kumweleza.

Wakipata ujuzi, wanaweza kuuzia majirani, mama wa mgahawa, wageni wa semina za kanisa. Goma, Bukavu na Butembo ni miji ya wanywaji ambao leo wananunua makopo ya ng'ambo. Anzeni kidogo, na andikeni. Daftari moja liwe na kilo zilizoingia, kilo zilizotoka, makuta, madeni na majina ya wateja. Mke alisome, na watoto wakubwa walisome. Siri ya biashara isiwe siri kwa mwenzi wako.

Kanisa nalo lina kazi yake. Kabla ya kubariki ndoa, mchungaji aulize juu ya etasivili. Mikutano ya akina baba izungumze waziwazi juu ya wosia, bila kuogopa kwamba kuutaja ni kuita kifo. Na baada ya ibada, kwa nini tusijaribu kahawa ya kanisa, iliyokaangwa na jamaa ya paruasi yenyewe? Wengi wanaogombana juu ya shamba hawajakaa pamoja juu ya kikombe kimoja kwa miaka.

Tunajua wengine wanaosoma haya wako mbali na mashamba yao kwa sababu ya vita. Kwenu tunasema kwa upole: shamba halibebeki wakati wa kukimbia, wala mashine. Kazi iliyo mikononi na puani inabebeka. Mtoto aliyejifunza kukaanga anaweza kuanza tena kwa sufuria moja, mahali popote penye makaa.

Tukumbuke yule mjane wa 2 Wafalme 4. Mumewe alikuwa mcha Mungu, lakini alikufa na kuacha deni, na mdai alikuja kuchukua watoto. Elisha alimwuliza ana kitu gani nyumbani. Alikuwa na mafuta kidogo tu. Bwana aliyaongeza, mama akamimina, naye akauza, akalipa deni, wakaishi kwa kilichobaki. Tunaposoma habari hiyo tunatazama sana muujiza, na ni haki. Tutazame pia watoto wake: walikuwa ndani pamoja naye, mlango umefungwa, wakimletea vyombo kimoja baada ya kingine. Waliona jinsi mafuta yanavyomiminwa.

Wewe baba, wewe mama, jumamosi hii waite watoto wako karibu na moto. Mungu awabariki.